Injini ya Roketi Ikifeli, Usitupe Vipande

Roketi yangu ilipanda kiasi cha mita 10 tu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye shamba la ngano lililokwisha vunwa katika jimbo la Kansas, Marekani, ambako mwenye shamba hutukaribisha wanaklabu kurusha roketi zetu. Injini ilivuma vizuri kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha pua ikachomoka, parachuti ikatoka huku inaungua, na mwali uliopaswa kutokea chini ukatokea juu. Roketi ikajipinda hewani, ikaanguka ubavu. Kazi ya miezi minne ikalala kwenye mabua ya ngano, inafuka moshi.

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Usiku ule ule nikaandika barua kali kwa mtengenezaji wa injini, nikidai anilipe kasha, parachuti, altimita ya kupima kimo na roketi nzima. Usingizi ukanizidi kabla sijaituma. Asubuhi binti yangu alikuwa akinisaidia kupanga sanduku la vifaa, akainua mfuko mdogo wa plastiki ambao fueli ilikuja nao. "Mama, hii raba ni ya wapi?" Ndani ya mfuko ilikuwa imebaki oringi moja, nyembamba kama njiti ya kiberiti, duara lake halizidi sarafu. Kazi yake ilikuwa kuziba pembeni mwa fueli ya kuchelewesha, ile inayoungua kabla parachuti haijafunguliwa, ili gesi ya moto isipenye kwenda mbele kwenye parachuti. Nilikuwa nimeisahau mezani. Barua niliifuta, nikaandika nyingine.

Makala haya yametokana na raba ile. Wapenzi wa roketi wanaosoma Kiswahili wapo: wengine ni wazazi wa diaspora ambao watoto wao wameingia klabu za shule huko Marekani, Kanada au Uingereza, wengine ni wanafunzi wa vyuo vyetu nyumbani. Wote wataionja siku injini itakapofeli, kwa sababu injini hufeli hata kwa warushaji hodari. Ninalotaka kuwaambia ni hili: vipande vilivyoungua vina habari ambayo wewe unaihitaji, mtengenezaji anaihitaji, na mtoto fulani mwenye injini iliyotengenezwa katika kundi lile lile anaihitaji zaidi. Ukivitupa, au ukikimbilia lawama kabla ya kuvisoma, hasara yako inakuwa mara mbili.

Kufeli kuna sura nyingi

Kwanza tuelewane kuhusu injini zenyewe. Herufi iliyochapwa ubavuni huonyesha jumla ya nguvu, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia: C hufika nyutoni-sekunde 10, D hufika 20, E hufika 40, na kuendelea. Nambari inayofuata ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na ya mwisho ni sekunde za kusubiri kabla ya baruti ndogo ya mbele kulipuka na kufungua parachuti. Kwa hiyo C6-5 ni injini ya daraja C, msukumo wa wastani wa nyutoni 6, ikisubiri sekunde 5. Kuanzia H kwenda juu unaingia katika roketi za nguvu kubwa, na huko Marekani huuziwi mpaka upate cheti.

Injini ndogo nyingi ni za baruti nyeusi iliyoshindiliwa ndani ya bomba la karatasi, na nozeli yake, yaani tundu la chini la kutolea gesi, ni ya udongo. Baruti hiyo huungua kuanzia mwisho mmoja, taratibu, kama sigara. Ikiwa na ufa, au ikiwa imeachana na ukuta wa karatasi, moto huingia ufani na kuwasha eneo kubwa kwa mara moja. Gesi huwa nyingi kuliko nozeli inavyoweza kuitoa, na karatasi haihimili. Hapo ndipo injini hupasuka ubavuni, au hutema nozeli yote chini, au husukuma kila kitu kwenda mbele na kuikaanga parachuti. Warushaji wa Marekani huita tukio lolote la namna hii "keto".

Injini kubwa hutumia mchanganyiko wa amoniamu pakloreti na mpira, mara nyingi ukiwa na unga wa alumini. Nyingi huwekwa ndani ya kasha la alumini unalolijaza wewe mwenyewe: vipande vya fueli, bomba la kukinga joto, nozeli, fueli ya kuchelewesha, vifuniko vya mbele na nyuma, na oringi za kuziba kila mwanya. Hapa kosa linaweza kuwa la kiwandani, kwa mfano kipande cha fueli chenye shimo la hewa ndani yake. Linaweza pia kuwa la mezani kwako: oringi iliyokatwa na ukucha, oringi isiyopakwa grisi, kifuniko kisichokazwa mpaka mwisho, au kitu kilichosahaulika kama changu.

Anayedharau raba hizi akumbuke chombo cha anga cha Challenger. Tarehe 28 Januari 1986 wanaanga 7 walikufa baada ya chombo chao kusambaratika sekunde 73 tangu kiruke kutoka Florida, kwa sababu oringi za roketi ya pembeni zilikuwa zimekakamaa kwa baridi ya asubuhi ile na gesi ya moto ikapenya kwenye kiungo. Roketi zetu ni ndogo mno kulinganisha, lakini gesi ya moto hutafuta mwanya kwa namna ile ile.

Kuna pia kufeli kusiko na mlipuko. Injini inaweza kukataa kuwaka, na mara nyingi tatizo ni kiwashio, betri dhaifu au vibanio vya waya vyenye masizi, wala si injini. Injini ya mchanganyiko inaweza kukohoa moshi kwa vipindi bila kushika moto sawasawa, na sababu ya kawaida ni kiwashio ambacho hakikufika juu kabisa ya fueli. Fueli ya kuchelewesha nayo ikiungua kupita muda wake, roketi hurudi chini kwa kasi kabla parachuti haijatoka, na kamba ya parachuti hupasua bomba la mwili kama zipu. Ikiwahi mno, parachuti hutoka roketi ingali mbioni na kuchanika. Kila sura kati ya hizi ina chanzo chake, kwa hiyo usiandike tu kwamba injini ilikuwa mbovu. Andika ulichokiona.

Dakika ya kwanza

Injini isipowaka, chomoa ufunguo wa usalama au tenganisha betri, kisha subiri sekunde 60 kabla mtu yeyote hajaikaribia. Hii ni kanuni ya chama cha taifa cha roketi cha Marekani, NAR, kilichoanzishwa mwaka 1957, na klabu nyingi duniani hufuata kanuni kama hiyo. Sekunde 60 ni ndefu sana ukiwa na mtoto wa miaka 9 aliyeshika kidude cha kubonyezea. Zihesabu naye kwa sauti. Kiwashio kinaweza kuwa kinafuka ndani, na injini ikaamua kuwaka wakati uso wako uko juu yake.

Injini ikipasuka, watu ndio wa kwanza. Tazama nani yuko wapi, kisha tazama mbingu, kwa sababu vipande bado vinashuka. Umbali uliokaa kabla ya kubonyeza ndio unaokulinda sasa: kanuni za NAR zinataka angalau futi 15, yaani kama mita 5, kwa injini mpaka daraja D, futi 30 kwa kubwa zaidi ya hizo, na futi 100, kama mita 30, kwa injini moja ya H au I.

Baada ya watu, moto. Fueli iliyotawanyika huendelea kuungua chini, na mabua makavu hayahitaji kushawishiwa. Maji ya pampu ya mgongoni, koleo na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu na jukwaa kabla ya urushaji wa kwanza. Kwenye klabu yetu hakuna anayebonyeza kitufe mpaka msimamizi wa usalama ameviona vifaa hivyo kwa macho yake. Kipande cha fueli ya mchanganyiko kinachoungua usikikanyage. Kiache kimalizike, zima nyasi zinazokizunguka.

Baada ya moto, vitu viwili vinavyosahaulika. Kama roketi ilikuwa na altimita inayofyatua baruti za parachuti, huenda baruti hizo bado hazijalipuka. Ikaribie kutoka ubavuni, usichungulie ndani ya bomba, zima swichi kwanza. Halafu betri. Betri ya lithiamu iliyotobolewa au kuvimba inaweza kuwaka moto baada ya saa nzima, ukiwa umekwisha iweka ndani ya gari. Itoe, iweke nje juu ya mchanga au udongo mtupu, na usijaribu kuichaji tena hata kama inaonekana nzima.

Piga picha kabla ya kuokota

Sasa, mikono mfukoni. Hamu ya kuokota ni kubwa, hasa kipande kinapokuwa kile pezi ulilolipiga msasa usiku kucha. Piga picha kwanza: roketi ilivyolala, jukwaa lilivyo, alama za moto ardhini, kila kipande mahali kilipoangukia. Weka rula au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane. Waulize waliokuwa wakirekodi video wakupe nakala siku hiyo hiyo, kabla hazijafutwa. Video ya simu iliyochezwa polepole mara nyingi huonyesha mwali ulitokea wapi kwanza, na hilo ni nusu ya jibu.

Kisha kusanya vyote, hata takataka: nozeli, vipande vya karatasi au kasha, oringi zilizoungua, kiwashio, mfuko na boksi la injini, karatasi ya maelekezo. Usioshe kitu. Masizi ni maandishi. Tia kila kipande katika mfuko wake na uandike juu yake kilipopatikana. Nakili nambari ya kundi au tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye injini au kwenye mfuko, kwa sababu bila nambari hiyo mtengenezaji hawezi kujua injini nyingine zipi za kuhofia. Kama altimita imepona, pakua data yake kabla ya kuichezea.

Nyumbani, tandaza gazeti chini ya taa nzuri na usome. Hivi ndivyo mabaki husema. Bomba la karatasi lililopasuka kwa urefu, huku nozeli ingali mahali pake, huelekeza kwenye baruti yenye ufa au iliyoachana na ukuta. Nozeli ya udongo iliyotoka nzima, na bomba halina jeraha, husema shinikizo lilipanda ghafla mwanzoni au udongo haukushindiliwa vizuri. Kwenye kasha la alumini, mstari mwembamba wa kuungua unaoanzia kwenye kiungo ni njia ya gesi. Ufuate kwa kidole na utakupeleka kwenye oringi yenye kasoro. Kifuniko cha mbele kilichotobolewa katikati, kama changu, hukuelekeza kwenye fueli ya kuchelewesha na raba yake. Na kipande cha fueli ambacho hakikuungua chote, kikiwa na shimo au mpasuko ambao moto hauelezi, huenda kilitoka kiwandani hivyo.

Halafu rudi kwenye maelekezo, hatua kwa hatua, ukiwa na vipande mkononi. Hesabu oringi. Hesabu vipande vya fueli. Tazama kila upande uliopaswa kuelekea mbele. Fanya kazi hii kabla hujaandika neno moja kwa mtengenezaji. Ningeifanya usiku ule, binti yangu asingekuwa wa kwanza kuiona raba.

Ripoti na madai

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ripoti ni kwa ajili ya wengine. Madai ni kwa ajili yako. Ripoti tuma kila mara. Madai peleka pale tu unapostahili.

Nchini Marekani, NAR hukusanya taarifa za injini zilizofeli kwa fomu ambayo warushaji huiita MESS. Hujazwa kwa dakika chache: aina ya injini, nambari ya kundi, hali ya hewa, jinsi ilivyofeli, kilichoharibika. Fomu moja haina uzito mkubwa. Lakini zikifika kadhaa kuhusu injini ya aina moja na kundi moja, kamati inayopima na kuidhinisha injini ina sababu ya kuichunguza upya, na inaweza kuiondolea idhini mpaka kasoro irekebishwe. Waliofanya makosa yao wenyewe nao wajaze, na waseme hivyo waziwazi. Mimi niliandika: "Nilisahau oringi ya fueli ya kuchelewesha." Sentensi ile iliniuma kuiandika. Lakini ningenyamaza, au ningedai kwamba kosa ni la kiwanda, ningekuwa nimeichafua hesabu ambayo watu hutegemea usalama wao juu yake.

Kwenye madai, soma dhamana iliyokuja na injini. Kwa kawaida mtengenezaji akiridhika kwamba kosa ni la fueli yake, hutoa fueli nyingine na kubadilisha kasha lililoharibika. Roketi yenyewe, na vyombo vya ndani, mara nyingi havimo katika dhamana. Wengine hufidia kwa hiari, wengine hawafidii. Bima ya uanachama wa klabu nayo isikudanganye: kazi yake ni kulinda watu wengine na mali zao, kama gari la jirani lililoangukiwa au nyasi za mwenye shamba, si kukununulia roketi mpya. Kwa hiyo kabla ya kurusha, jiulize swali ninalowauliza vijana wetu: uko tayari kuipoteza roketi hii leo? Kama jibu ni hapana, toa altimita ya bei ghali au tumia injini unayoijua.

Barua ya madai iwe fupi. Anza na tarehe na mahali, aina ya injini, nambari ya kundi, ulinunua wapi na lini, uliihifadhi vipi. Eleza ulichokiona kwa mfuatano. Ambatanisha picha na video. Taja kilichoharibika na unachoomba. Lawama, matusi na vitisho viache nje. Anayesoma barua yako pengine naye ni mrushaji, na akipewa ushahidi safi atakuwa na hamu ya kujua kama wewe. Kama ulinunua kwa muuzaji aliyepo uwanjani, mwonyeshe mabaki siku hiyo hiyo.

Jambo moja la kisheria lisikupite. Injini isiyoungua, au kipande cha fueli kilichobaki, ni bidhaa hatari. Usikitie kwenye bahasha na kukituma kwa posta. Mwulize mtengenezaji kwanza. Mara nyingi picha humtosha, na akikihitaji atakueleza njia halali. Vivyo hivyo kwenye ndege: injini za roketi haziruhusiwi, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Najua wazazi ambao wangependa kumpelekea mpwa wa Nairobi au Dar es Salaam zawadi ya injini mbili tatu. Mpelekee roketi tupu.

Kagua kilichosalia

Hasara nyingine huja wiki ya pili, pale kifaa kilichojeruhiwa kinaporudishwa kazini. Kasha la alumini lililopata moto mkali hupoteza ugumu wake hata kama halijapinda. Lipime kwa kalipa sehemu kadhaa, na ulinganishe na jipya. Likiwa limevimba, lina mfereji wa gesi, au rangi yake imebadilika kwa joto, ling'oe kwenye sanduku na ulitie alama ya X, asije mwingine akaliazima. Nyuzi za skrubu za vifuniko zikikwama wakati wa kufunga, usilazimishe.

Bomba la mwili la karatasi lililoungua ndani haliponi kwa rangi. Kata sehemu mbovu, unganisha kipande kipya kwa kiungo cha ndani na gundi ya epoksi. La faibaglasi ligonge kwa ukucha kutoka juu hadi chini. Pale sauti inapobadilika kutoka kali kuwa butu, tabaka zimeachana. Shika kila pezi na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo, gundi ya mzizi imepasuka. Kamba ya parachuti ikunjue yote uipitishe kati ya vidole, kwa sababu nyuzi zilizoungua hukakamaa na kukatika baadaye. Parachuti yenye tundu la moto dogo kuliko punje ya mchele unaweza kuiziba. Iliyoyeyuka mishono itupe.

Altimita iliyonusurika ifanyie majaribio ardhini kabla ya kuiamini angani. Isafishe masizi, kwa sababu mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula shaba. Usisahau jukwaa: fimbo au reli iliyopinda kidogo itaipeleka roketi inayofuata pasipotakiwa, na vibanio vyenye masizi vitakupa injini "mbovu" ambayo ni nzima. Pitisha msasa kwenye vibanio baada ya kila siku ya urushaji.

Na injini ambazo hutaki tena kuzitumia? Ya baruti nyeusi iloweke kwenye ndoo ya maji mpaka karatasi ifunguke na baruti iwe tope. Ya mchanganyiko haiyeyuki kwa maji, kwa hiyo ipeleke klabuni kwa watu wenye mahali na uzoefu wa kuiunguza.

Kinga huanzia kabatini

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa baruti nyeusi ni vibaya zaidi, maana ufa wake hauzibiki na mara nyingi hauonekani. Unachoweza kufanya ni kuuzuia usitokee. Ufa huletwa na mambo mawili: kuanguka, na kupata joto kisha baridi mara kwa mara. Karatasi na baruti havitanuki wala kusinyaa kwa kipimo kimoja, na baada ya mizunguko kadhaa huachana. Gari lililofungwa juani wakati wa kiangazi hupita nyuzi 50 za Selsiasi ndani yake. Injini zikikaa humo mchana, zikapoa usiku, wiki nzima, usizirushe. Warushaji wengi wamegundua kwamba injini ndefu za daraja E ndizo huumia haraka zaidi. Ziweke ndani ya nyumba, mahali pakavu penye joto la kawaida, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto wadogo. Uwanjani zitie kwenye boksi la kupozea vinywaji, bila barafu, kivulini. Iliyoanguka sakafuni itie alama na uitenge.

Kwa injini za kujaza, fanya kazi mezani bila simu na bila mazungumzo. Toa vyote mfukoni, vipange kwa mfuatano wa maelekezo, hesabu, kisha anza. Paka kila oringi grisi kwa vidole safi huku ukiikagua. Mkwaruzo unaohisika kwa ncha ya kidole unatosha kuikataa. Ukikatizwa, usiendelee pale ulipodhani umefika. Fungua vyote na uanze upya. Kiwashio usikitie mpaka roketi iko wima jukwaani.

Nyumbani Afrika Mashariki

Roketi za fueli kavu, kama hizi zetu, si ngeni Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout, yenye hatua 4 zote za fueli kavu, iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikabeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja, wanaunda roketi zao kupitia mradi wa Nakuja. Kwa kijana anayetaka kuwafuata, ushauri wangu ni mmoja: usipike fueli jikoni kwa video za mtandaoni. Baruti ina sheria zake katika nchi zetu, na kuvunja sheria ni hasara ndogo kuliko kupoteza vidole. Tafuta chuo au mwalimu mwenye kibali. Wakati unasubiri, roketi ya maji ya chupa ya plastiki na pampu ya baiskeli itakufundisha mapezi, parachuti, kusubiri, na kuandika kilichotokea. Hata hiyo huhitaji umbali na miwani ya kinga, kwa sababu chupa hupasuka.

Kasha langu lililotobolewa ninalo bado. Huwa nalipeleka klabuni kila tunapopokea wanafunzi wapya, pamoja na ile oringi ndani ya mfuko wake, na nawapitishia mkononi mmoja mmoja kabla hawajagusa injini. Nawe ukiwa na kipande cha aina hiyo, kitoe sandukuni. Jaza ripoti yako leo, uandike kosa lilikuwa la nani, hata kama ni lako.